Sileni ya kubandikia kompositi kwenye kauri: chupa moja, chupa mbili, au bondi yenye sileni ndani?

Wadau wa meno Kanda ya Ziwa, habari za kazi. Hili swali naulizwa sana na wenzangu wa hapa Mwanza na wa Sengerema na Geita, kwamba nikitaka sileni (dawa ya kuunganisha kauri na kompositi, ile resini ya rangi ya jino) ya kurekebishia krauni (kofia za jino) na vinia (maganda membamba ya kauri ya mbele ya jino) zilizomeguka ninunue ipi, maana ukienda kwa wauzaji unaonyeshwa chupa tatu nne, kila moja inajisifu inabandika kila kitu, alafu bei zimepishana mbali. Nazilinganisha kwa jinsi kazi zetu zilivyo huku, ambako kazi ya kauri inaweza kuja leo alafu ukakaa wiki mbili hujaiona nyingine. Msimamo wangu nautaja mapema: kama kazi za kauri zinakujia mojamoja, nunua ya chupa mbili unayochanganya wakati ule ule wa kutumia, na ile bondi (gundi ya resini) ya kila kitu usiitegemee peke yake kwenye kauri ya kioo, yaani ile yenye silika. Nyingine zina mahali pake, tutafika.

Kwanza tuelewane sileni inafanya nini, kwa sababu ukishaelewa hapo utajua mwenyewe kwa nini chupa moja inaharibika haraka na nyingine inadumu. Sileni inayotumika sana kwenye meno ni ile wanayoiandika 3-MPS. Molekuli yake ina ncha mbili. Ncha moja ina methoksi, ambazo zikikutana na maji na asidi kidogo zinageuka kuwa silanoli, na silanoli ndo inayoshika silika iliyopo juu ya kauri. Ncha ya pili ni methakrileti, hii inaungana na resini ya bondi na kompositi pale unapopiga taa. Kwa hiyo unahitaji vitu viwili kwa pamoja, kauri yenye silika na sileni iliyoamka. Kikikosekana kimoja kompositi itakaa vizuri mbele ya mgonjwa, utaipolishi, itapendeza, na itatoka.

Sasa tatizo ni kwamba silanoli haijui kusubiri. Ikikosa kauri ya kushika zinashikana zenyewe kwa zenyewe humo humo ndani ya chupa, zinatengeneza minyororo mirefu ambayo haina faida tena kwako. Tofauti kubwa ya chupa moja na chupa mbili iko hapo.

Chupa moja na chupa mbili

Ya chupa moja imeshaamshwa kiwandani. Unafungua, unapaka, basi. Mfano ni Porcelain Primer ya Bisco na RelyX Ceramic Primer ya 3M, na zile sirinji za Ultradent zinazokuja na kiti ya kurekebisha kauri. Raha yake ni haraka na hamna cha kukosea, msaidizi hawezi kuweka tone nyingi za upande mmoja. Ikiwa mpya inafanya kazi vizuri kabisa, sina ubishi na hilo.

Lakini ikiwa mpya. Hii chupa ilianza kuzeeka tangu inajazwa, na kila ukifungua kilevi kinaruka kidogo na unyevu unaingia. Dalili yake inaonekana kwa macho ila watu wengi hawaangalii: dondosha tone moja kwenye kikombe cha kioo juu ya karatasi nyeusi, sileni nzima ni angavu kama maji, hata ukungu hamna, na ikikauka inaacha utando ambao karibu hauonekani. Iliyochoka inakuwa na ukungu kama maziwa yaliyochanganywa na maji mengi, wakati mwingine ina vichembe vinaelea. Ukiona hivyo tupa, hata kama tarehe ya kwisha bado iko mbali, kwa sababu ile tarehe inahesabu chupa iliyotunzwa vizuri na haijui njia iliyopita. Na mbaya zaidi inaweza kuwa imeshapungua nguvu kabla hata haijaonyesha ukungu, kwa hiyo kuwa safi kwa macho sio dhamana.

Na njia yenyewe tunaijua. Mzigo unatoka Dar unapanda basi, unakaa kwenye buti la chini siku nzima na zaidi, unapita Dodoma na Shinyanga jua likiwaka, unashushwa stendi ya Nyegezi, unakaa ofisini kwa wakala mpaka mtu apate nafasi ya kwenda kuuchukua. Joto linaharakisha yale mambo ya kushikana niliyosema juu. Alafu ukifika kwako unauweka kwenye friji, vizuri, ila umeme ukikatika mchana kutwa friji nayo inakuwa kabati tu.

Ya chupa mbili wameitenganisha. Chupa moja ina sileni kwenye ethanoli, nyingine ina ile asidi na maji ya kuiamsha. Bis-Silane ya Bisco iko hivi, unachanganya tone moja la A na tone moja la B. Kuraray wana mtindo wao wa karibu na huo, Clearfil Porcelain Bond Activator unaichanganya na praima (kimiminika kinachopakwa kabla ya bondi) ya Clearfil SE Bond, ile MDP, yaani monoma yenye asidi iliyomo kwenye praima, ndo inatoa asidi ya kuamsha sileni, na kama tayari unatumia SE Bond kwa kazi za kawaida hapo umeokoa hela. Kwa kuwa sileni imelala mpaka siku ya kazi, inavumilia safari na kukaa kabatini kuliko ya chupa moja. Ndo maana naipendelea kwa kliniki zenye kazi chache. Hasara zake ni kwamba unapoteza tone kadhaa kila mara, ukishachanganya huwezi kuweka akiba ya kesho, na mtu akichanganya bila uwiano nguvu inapungua. Pia kofia za chupa zisibadilishane, kofia ya B ikivikwa A umeshaanza kuamsha chupa nzima.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili usiulize ipi kali zaidi, zikiwa nzima zote zinafika. Uliza chupa yako inaisha kwa muda gani. Kliniki inayobandika vinia kila wiki, na hizi zipo hapa mjini kwa sababu watu wenye meno ya kahawia ya floridi kutoka maeneo ya visima huku kwetu wanaanza kuyafunika, hiyo inunue chupa moja ya ujazo mdogo na iendelee. Kliniki ya kung'oa na kuziba inayopata krauni iliyomeguka mara moja moja, chupa mbili.

Bondi ya kila kitu yenye sileni ndani

Hapa ndo watu wengi wanapokwama. Scotchbond Universal, ambayo sehemu nyingine inauzwa kwa jina la Single Bond Universal, ina MDP na sileni kwenye chupa moja, na muuzaji atakwambia daktari hii inatosha, huhitaji sileni ya pembeni. Kwa meno na kwa zirkonia (kauri ngumu isiyo na kioo) ni bondi nzuri sana na naipenda. Ila fikiria mwenyewe: ndani ya hiyo chupa kuna maji, kuna asidi, ile bondi ya mwanzo pH yake iko karibu 2.7, na sileni imo humo humo miezi na miezi. Tumeshasema asidi na maji ndo vinaamsha sileni, na ikiamka bila kauri inashikana yenyewe. Majaribio mengi ya maabara yameonyesha hivyo hivyo, kwamba kwenye kauri ya kioo ukiongeza hatua ya sileni fresh kabla ya bondi mshiko unapanda, na hasa unadumu zaidi baada ya kukaa kwenye maji. 3M wenyewe walipotoa toleo la Plus walibadilisha aina ya sileni.

Kwa hiyo usiitupe, itumie kama bondi juu ya sileni. Ukijikuta huna kabisa sileni na mgonjwa yuko kitini, itakusaidia kuliko bondi isiyo na kitu, ila mwambie mgonjwa ukweli kwamba ni ya muda.

Praima za mchanganyiko, sileni pamoja na MDP

Monobond Plus ya Ivoclar na Clearfil Ceramic Primer Plus ziko kundi hili. Hizi sio bondi, ni praima tu, zina sileni kwa ajili ya kauri ya kioo na MDP kwa ajili ya zirkonia na metali, na Monobond Plus imeongezwa pia kitu chenye salfa cha kushika dhahabu na wenzake. Faida yake kwetu ni kubwa kuliko inavyosemwa, kwa sababu krauni nyingi zinazokuja zimemeguka hujui zimetengenezwa wapi wala kwa kitu gani. Mtu kaiweka Nairobi, mwingine India alipokwenda matibabu, kadi hana. Na zile krauni za chuma zilizopakwa kauri juu zikimeguka mara nyingi unakuta nusu ya kidonda, yaani sehemu iliyomeguka, ni kauri na nusu chuma kinaonekana, sileni tupu hapo haina cha kushika kwenye chuma. Kama pesa inaruhusu kuwa na praima moja tu kabatini na kazi zako ni za mchanganyiko huo, chukua hii, ila kumbuka nayo ni ya chupa moja kwa hiyo yale ya joto na ukungu yanaihusu pia.

Asidi: hapa usilinganishe kwa bei

Sileni nzuri kuliko zote haitakusaidia kama uso wa kauri haujaandaliwa. Asidi ya fosforiki ya asilimia 37 tunayotumia kwenye enameli haichimbi kauri. Kuipaka kwenye krauni ni sawa na kuosha sahani kwa sabuni, inatoka safi lakini laini vile vile. Inayochimba ni haidrofluoriki, inayeyusha kioo na kuacha vishimo vidogo vidogo, uso unakuwa mweupe usiong'aa kama kioo cha bafuni. Njia hii ya kuchimba kauri, kupaka sileni na kubandika kwa resini ilianza kuandikwa na kina Simonsen na Calamia mwaka 1983 na msingi wake mpaka leo ni ule ule.

Muda unategemea kauri. Lithiamu disilikati kama e.max ni sekunde 20 kwa jeli ya asilimia 5, usizidishe, ukiichimba sana unaidhoofisha. Kauri ya feldispa, ambayo ndo iko juu ya krauni nyingi za chuma, inahitaji zaidi, sekunde 60 kwa ya asilimia 5, na jeli za asilimia 9 wengi wanaelekeza kama sekunde 90. Fuata karatasi ya jeli yako. Zirkonia haina kioo, haidrofluoriki haiifanyi kitu na sileni tupu haina silika ya kushika, pale piga mchanga wa alumina mikroni 50 kwa presha ya chini kama bar 2 alafu MDP. Naona watu wanapoteza sileni kwenye zirkonia kila siku, inauma.

Sasa mdomoni. Haidrofluoriki ni hatari kwa kweli, inapenya ngozi na kufuata kalsiamu ndani ya mwili, na maumivu yanaweza kuchelewa saa kadhaa wakati madhara yameshaingia. Raba dem (shuka la mpira la kutenga jino) sio hiari hapo, juu yake ongeza kizuizi cha resini cha kuzunguka fizi, sakshini kali ya kufyonza mate, miwani kwa mgonjwa na kwako, na jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5 iwe imeshafunguliwa mezani, sio iko stoo. Kama kliniki yako haina hivyo vyote usiitumie mdomoni. Pia isiguse jino, inaharibu mshiko wa enameli na dentini, kama kidonda kina kauri na jino pamoja anza na kauri, suuza sana, ndo uende kwenye jino na fosforiki.

Mbadala upo wa aina mbili. Wa kwanza ni Monobond Etch & Prime, hii Ivoclar waliitoa mwaka 2015, ina amonia polifloridi na sileni pamoja, unasugua sekunde 20, unaacha sekunde 40, unasuuza, unakausha, umemaliza asidi na sileni kwa mpigo. Inachimba kidogo kuliko haidrofluoriki lakini ni salama zaidi kushika na ni ngumu kuidhoofisha e.max nayo. Kwa vinia na krauni za kauri ya kioo unazobandika, yaani kauri ikiwa nje mkononi mwako, naiweka juu sana. Kwa kurekebisha ndani ya mdomo soma kwanza karatasi iliyokuja nayo inaruhusu nini. Bei yake ndo inakatisha tamaa kwa kliniki ndogo.

Wa pili ni kupiga mchanga mdomoni, alumina ya mikroni 50 au ile ya CoJet yenye mikroni 30 iliyopakwa silika. CoJet inanivutia kwa sababu inaacha silika hata juu ya chuma na zirkonia, kwa hiyo sileni inapata cha kushika kila mahali, na hamna asidi ya kuogopa. Inahitaji kipulizio chake na kompresa yenye hewa kavu. Ukikosa vyote kwaruza kwa bari ya almasi, suuza, kausha, sileni, ni dhaifu ila inasaidia. Jeli ya floridi ya watoto ya asilimia 1.23 yenye asidi nayo inachimba kauri kidogo ikikaa dakika kadhaa, vishimo vyake ni vifupi, mimi siihesabu kama chaguo la kudumu. (Kwa hiyo hiyo sababu usiwapake watu wenye vinia, inafifisha mng'ao.)

Kinachoua sileni nzuri hapa kwetu

Hewa ya kompresa. Mwanza mvua nyingi inatupiga usiku na alfajiri ikitoka ziwani, asubuhi hewa imejaa maji, tanki la kompresa halijamwagwa tangu juzi, unapaka sileni ya hela nyingi alafu unaikausha kwa ukungu wa maji na mafuta. Kila asubuhi mwaga tanki, na kabla ya kazi puliza kwenye kioo kikavu cha mdomoni sekunde chache uone. Kikiwa na ukungu usitumie ile hewa kwenye kauri.

Baada ya haidrofluoriki utaona unga mweupe umebaki juu, ule ni chumvi, sio uso uliochimbwa. Usugue kwa fosforiki kama dakika 1 na usuuze, hapo ndo fosforiki ina kazi kwenye kauri, au kama kauri iko nje iweke kwenye ultrasoniki na kilevi. Alafu sileni tabaka jembamba, sio kuogesha, acha sekunde 60, kausha. Hewa ya moto inasaidia sana kwa sababu inafukuza kilevi na maji na kusukuma ule mshikano ukamilike, dryer ndogo ya nywele inafaa kwa vinia iliyo nje. Mate yakigusa baada ya sileni, rudia usafi na sileni, usijidanganye kwamba umefuta.

Haya yote nayasemea kwa sababu ya wagonjwa kama mama mmoja wa Nansio, kisiwani Ukerewe, jino la mbele, krauni ya chuma kauri imemeguka kwenye mfupa wa sato, tayari ilisharekebishwa sehemu na kutoka. Aliniambia, "Dokta, nauli ya meli na kulala mjini inazidi bei ya hilo jino, naomba mara hii likae." Chuma kilikuwa kinaonekana nusu. Kwa kidonda kile bondi ya kila kitu peke yake ingekuwa kumrudisha kwenye meli. Alipata mchanga wa CoJet, praima yenye sileni na MDP, opeka ya kuficha chuma, ndo kompositi, na nikamshushia kidogo mahali jino la chini lilipokuwa linagonga, maana kama mgongano haujaangaliwa hamna sileni duniani itakayoshikilia.

Kwa anayekwenda kununua wiki hii: muulize muuzaji chupa imefika lini na imekaa wapi, chukua ujazo mdogo hata kama mkubwa una unafuu, andika kwa maka tarehe uliyoifungua kwenye chupa yenyewe. Ukiitoa kwenye friji iache ifikie joto la chumba kabla ya kufungua, isivute unyevu. Na mzigo ukifika Nyegezi fungulia hapo hapo kwa wakala, kama ni ya chupa moja toa tone uangalie, ikiwa na ukungu usisaini.